Barabara Imerefuka Tena

Siku moja baada ya bajeti ya jimbo kusomwa, Brodie Pohlmann alirudi kutoka Brannock na mikate, dawa ya minyoo ya kondoo na mpira mpya wa bomba la maji. Alitoka alfajiri, barafu bado iko kwenye majani, na kwa kawaida angekuwa amerudi saa ya chai ya asubuhi. Sasa ilikuwa mchana. Alivua buti mlangoni, akaingia jikoni na soksi, akatundika funguo za gari kwenye msumari wake. Mkewe, Jacinta, alikuwa anakata nyama baridi ya kondoo iliyobaki jana, mikono ameinyoosha mbele kwa sababu tumbo la miezi minane lilikuwa limeshafika mezani kabla yake. Mama yake Brodie, Bi Glenys, alikuwa anasubiri birika lichemke.

"Imerefuka tena," Brodie alisema.

"Kiasi gani?" Jacinta aliuliza.

"Nimemaliza chupa nzima ya chai na daraja sijaliona. Mwaka jana nilikuwa nafika na kikombe kimoja kimebaki."

"Siyo mbaya," alisema Bi Glenys, akamimina maji.

Barabara ya kutoka Wilgadale kwenda Brannock ilianza kurefuka mwaka ule serikali ya jimbo ilipofunga wodi ya wazazi katika hospitali ya Wilgadale. Wodi ilifungwa kwa muda, na tangazo la "kwa muda" liko mlangoni hadi leo, limepauka kwa jua. Bajeti ya mwaka ule ilisomwa Jumanne, na Jumatano waliokwenda Brannock wakakuta kipande cha barabara ambacho Jumatatu hakikuwapo. Kilikuwa kimejichomeka mwisho wa safari, kabla ya daraja la kuingilia mjini. Wala hakikuwa na sura ya upya. Lami yake ilikuwa kuukuu, ina mashimo, mistari myeupe imefifia, na pembeni palikuwa na kangaruu aliyegongwa, amekauka zamani. Tangu hapo kila bajeti iliyoisahau Wilgadale ilileta kipande chake, na kila kipande kilijipanga mbele ya mwenzake. Kev Drummond wa halmashauri alitoka na spana, akabadilisha namba ya kilomita kwenye kibao cha njiani, akaenda kunywa bia yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hao wahenga hawakuwahi kuendesha gari kwenda Brannock.

Huko pwani, kwenye mji mkuu wa jimbo, wataalamu walipopima barabara kutoka angani waliona zimeongezeka. Waziri wa Fedha akasimama bungeni akatangaza kwamba hakuna serikali iliyowahi kuwapa watu wa bara barabara nyingi namna ile. Ukitaka kuwa mkweli, hakudanganya.

Mtauliza kwa nini wenyewe hawakulalamika. Basi hamuwajui watu wa Wilgadale. Pale mtu anayelalamika huonwa vibaya kuliko mwizi wa kondoo. Ukimuuliza mtu hali, jibu ni moja tu: siyo mbaya. Mzee Schulz alikatwa mguu na mashine yake ya kuvunia ngano; majirani walipomfikia kondeni wakamuuliza anajisikiaje, akasema siyo mbaya. Ukame uue kondoo, siyo mbaya. Mafuriko yabebe uzio, siyo mbaya. Kabla ya kila bajeti serikali ilituma vijana wenye viatu safi kuwauliza wananchi wanahitaji nini mwaka huo, na Wilgadale nzima iliwakaribisha chai na skonzi, ikawaambia siyo mbaya. Vijana waliyachukua maneno hayo kama yalivyo wakayapeleka pwani.

Kilichowakera madereva kidogo kilikuwa redio. Kwenye vile vipande vilivyoongezeka, redio haikushika stesheni yoyote, ila hotuba ya bajeti ya mwaka ule kipande kilipotokea. Ukiizima, inaendelea. Kipande cha kwanza kilikuwa cha waziri wa sauti nzito, cha pili cha waziri aliyekuwa na kikohozi, halafu wengine waliofuata, mpaka unafika darajani. Watu waliizoea wakaifanya alama ya njia. "Nimegonga kangaruu pale kwa Mzee wa Kikohozi," mtu alisema baa, na kila mtu alijua ni wapi.

Pale kwa Mzee wa Kikohozi ndipo Tegan alipofia. Tegan alikuwa binti wa Bi Glenys, dada yake Brodie. Uchungu ulimshika mapema, mumewe akamkimbiza Brannock, damu ikamwisha njiani, na yeye na mtoto wake wakazikwa katika sanduku moja. Siku ya mazishi watu walimpa Bi Glenys mkono wakamuuliza anaendeleaje. Alisema siyo mbaya, kisha akawakatia keki.

Jacinta alikuwa anaogopa. Aliogopa akianika nguo, akaogopa akimenya viazi. Mtoto alipocheza tumboni, badala ya kufurahi aliiona ile lami ikijinyoosha mbele ya gari. Lakini naye alizaliwa kulekule akalelewa kulekule, kwa hiyo hakumwambia mtu. Wajawazito walikuwa wameagizwa wahamie Brannock wiki za mwisho, wapange chumba, wasubiri huko. Yeye alipata kimoja nyuma ya baa, ambacho kingekuwa wazi vibarua wa kukata kondoo manyoya wakishamaliza kazi na kuondoka. Akawa anawaombea kondoo wakatwe manyoya haraka.

Wiki iliyofuata Waziri wa Fedha alikuja Wilgadale mwenyewe. Jina lake Fiona Penhall. Ndiyo desturi ya jimbo lile: bajeti ikishasomwa, mawaziri wanatawanyika kwenda kuwaeleza watu walichopewa. Alikuja kwa ndege ndogo, ikatua nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, kwa hiyo barabara hakuiona. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa na kofia ngumu ya mafundi wa ujenzi, ingawa mkutano ulikuwa ndani ya ukumbi na dari halikuwa na tatizo. Aliwaeleza kwamba mwaka huu serikali imetazama kaya, huduma na miundombinu. Kaya zitapata punguzo kwenye bili ya umeme. Upande wa huduma, kutakuwa na tovuti ambayo mgonjwa akiwa nyumbani kwake ataona foleni ya hospitali ilivyo ndefu. Na miundombinu ni barabara, barabara zaidi, kila mwaka zaidi. Watu walipiga makofi ya adabu.

Jacinta alikuwa amejitayarisha. Tangu asubuhi alikuwa akiyarudia maneno bandani, mbele ya kuku: barabara inarefuka, wifi yangu alifia humo, tufungulieni wodi. Mbele ya kuku yalitoka vizuri tu. Baada ya hotuba Waziri alipita kati ya watu akisalimia, akamfikia, akaweka kiganja kwenye tumbo lake bila kuomba ruhusa.

"Mama kijacho huyu! Hujambo, mpenzi? Haya niambie, mambo yakoje hapa Wilgadale?"

Jacinta alifungua mdomo. Mzee Schulz alikuwa anamtazama, na Kev, na wanawake wote waliooka. Bi Glenys alikuwa amesimama kando yake na sahani ya skonzi.

"Siyo mbaya," Jacinta alisema.

"Safi kabisa," Waziri alisema, akachukua skonzi moja.

Njiani kurudi nyumbani Jacinta alilia, uso ameugeuzia dirishani. Brodie aliuliza kama ni mgongo, Jacinta akasema ndiyo, ni mgongo. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyosema, lakini huyu mimba alikuwa nayo tayari, na mtoto hangesubiri mpaka aibu imwishe mama yake.

Uchungu ulikuja Jumamosi wakiwa mezani, vibarua bado wako kwenye kile chumba Brannock. Brodie alipiga simu hospitali. Ambulensi ilikuwa imempeleka mgonjwa pwani, na ndege ya wagonjwa ilikuwa upande wa pili wa jimbo.

"Mleteni tu," sauti ilimwambia. "Kwani mko mbali?"

"Siyo mbaya," alijibu Brodie, akakata simu, halafu akabaki anaitazama.

Walitandika mataulo kiti cha nyuma. Bi Glenys akakaa nyuma na mkwe wake, kichwa cha Jacinta kwenye mapaja yake, na chupa ya chai miguuni kama kawaida. Mwanzo wa njia ulikuwa ule wa zamani, mashamba ya ngano na maghala marefu ya nafaka, redio inatangaza mpira. Brodie alikuwa anajaribu kuchekesha. "Mama kijacho, jikaze kidogo, Wilgadale tumepata penalti." Hakuna aliyecheka, naye akakanyaga mafuta.

Kisha mpira ukakatika, akaingia yule waziri wa sauti nzito. Huku mashamba hayakuwa na mwenyewe. Uzio haukuwapo, ndege hawakuwapo, simu haikushika. Ilikuwa nchi tambarare ya majani makavu, haina mwanzo wala mwisho, na lami katikati yake. Waziri alisema wodi ndogo zinafungwa kwa usalama wa akina mama wenyewe. Jacinta alibana meno.

Walipofika kwa Mzee wa Kikohozi, Bi Glenys aliteremsha kioo cha dirisha. Pembeni palikuwa na msalaba mweupe mfupi na maua ya plastiki. Watu wa kule wakipishana barabarani huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yao. Bi Glenys hakuwa na usukani. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye bega la Jacinta, msalaba ukapita, akapandisha kioo.

Waliwapita mawaziri mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliahidi kuwakumbuka watu wa bara, na kila mmoja alikuwa mrefu kuliko aliyemtangulia. Jua lilikuwa limeinama walipoingia kwenye kipande cha mwaka huu, na sauti ya Fiona Penhall ikasema, "Mheshimiwa Spika, bajeti hii ni ya kaya." Hapo chupa ya uzazi ikapasuka.

"Simamisha gari," alisema Bi Glenys.

"Mama, daraja haliko mbali..."

"Brodie! Umeliona? Hujaliona. Simamisha gari."

Alisimamisha. Alizima injini, akazima redio, na redio iliposhindikana akaingiza mkono chini ya dashibodi akang'oa nyaya zote. Sauti haikubadilika. Ilikuwa inatoka kwenye lami sasa, tulivu, inasoma fungu la huduma. Brodie alisimama barabarani na nyaya mkononi, akitazama huku na huku, na hakukuwa na gari hata moja la kuliinulia kidole.

Jacinta alijiinua kwa viwiko. Aliyaona majani yale makavu kupitia mlango uliokuwa wazi, akaona kwamba hapa ndipo pake, kwamba na yeye atasimikiwa msalaba mweupe, na mwakani Mama atamwinulia kidole akipita. Akamshika mkwewe mkono kwa nguvu zote.

"Mama," alisema, "naogopa."

Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu. Alisubiri aambiwe siyo mbaya.

"Hata mimi, mwanangu," alisema Bi Glenys. "Naogopa tangu Tegan. Sijaacha hata siku moja. Haya, sukuma."

Alisukuma. Waziri alisoma miundombinu. Mtoto alitoka kichwa kwanza, kitovu kimemzunguka shingoni, rangi yake imeiva kama zambarau, na halii. Bi Glenys alikitoa kitovu shingoni kwa kidole chake, akamgeuza mtoto, akamsugua mgongo kwa taulo, akamsugua, huku anasema "njoo, njoo, njoo mjukuu wangu, usinifanyie hivi na wewe." Hotuba ilifika mwisho. Bunge lote likapiga makofi, na katikati ya makofi yale mtoto akalia.

Alikuwa msichana. Jacinta alivuja damu mpaka mataulo yakajaa, Brodie akavua koti, akavua shati, akampa mama yake, akaendesha kifua wazi katika baridi ile ya Juni. Hotuba ilianza upya kutoka mwanzo. Walifika darajani kwenye machweo, na wauguzi wa Brannock wakamtoa Jacinta garini wakamwongezea damu. Muuguzi mmoja alimuuliza Brodie wametumia muda gani njiani. Brodie akamwomba shati.

Mtoto waliyemwita Marnie alitoka gazetini, ukurasa wa mbele, ndani ya blanketi. Waziri Penhall aliliona gazeti, akaguswa, akaahidi papo hapo kwamba serikali itajenga kituo cha mapumziko mahali alipozaliwa. Na kilijengwa, mtu asije akasema hakikujengwa. Kilikuwa paa la bati, meza ya saruji, choo, bomba la maji ambalo halikuwa na maji, na kibao kilichosema Kituo cha Mama na Mtoto. Katika vitabu vya serikali choo kile kiliingia kwenye huduma za wazazi.

Waziri alikuja kukifungua mwezi wa Machi, kwa helikopta, na kizibao chake na kofia yake. Watu wa Wilgadale walikuja kwa magari, wakaegesha kwenye majani, wakapanga skonzi kwenye meza ya saruji. Sauti ya Waziri ilikuwa inasoma bajeti kutoka kwenye lami wakati yeye mwenyewe anasema hotuba nyingine juu ya jukwaa, na watu walisikiliza zote mbili. Utepe ulikatwa. Kisha akapita akisalimia, akamfikia Jacinta, aliyekuwa amembeba Marnie kiunoni, na tumboni alikuwa na mimba nyingine changa ambayo bado hakuitangaza.

"Shujaa wetu! Hali gani, mpenzi? Unakionaje kituo?"

Mzee Schulz alikuwa anamtazama, na Kev, na wanawake wote waliooka.

"Naogopa," Jacinta alisema.

Kev aliangalia buti zake. Mzee Schulz aliona haya kana kwamba Jacinta amevua nguo mbele za watu, akageuka kutazama helikopta.

"Samahani?" Waziri alisema.

"Naogopa. Nina mimba nyingine. Barabara inarefuka, na sijui kama safari ijayo nitafika. Tufungulieni wodi."

"Binti yangu alifia kwenye barabara hii," Bi Glenys alisema, kando yake. Alilisema kwa sauti ya kawaida, sahani mkononi. "Na mjukuu wangu. Na mimi naogopa."

Waziri alimshika Jacinta mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalilengalenga machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, wote waliokuwapo waliyaona.

"Asanteni kwa kuniambia," alisema. "Mmesikika. Nawaahidi, mmesikika."

Akachukua skonzi, akapanda helikopta, akaenda zake.

Nyumbani Wilgadale watu hawakujua wamtazame vipi Jacinta. Siku mbili tatu walimkwepa dukani. Halafu mke wa Kev, ambaye binti yao alikuwa na mimba ya miezi mitano, alikuja mlangoni na keki, akakaa, akanywa chai, akazungumzia mvua, na alipokuwa anaondoka akasema kwa sauti ya chini, "Hata sisi." Ikawa sasa wote wanasubiri bajeti. Jacinta aliisubiri kuliko wote. Alikuwa amesema, na amesikika. Alianza kulala vizuri.

Bajeti ilisomwa Juni, Jumanne. Siku hiyo umeme ulikatika Wilgadale, kwa hiyo hakuna aliyeisikia. Jumatano Jacinta alikuwa na miadi ya kupimwa Brannock. Brodie aliendesha, naye akakaa mbele, na Bi Glenys akakaa nyuma na Marnie na chupa ya chai. Waliwapita waziri wa sauti nzito na Mzee wa Kikohozi, Bi Glenys akainua kidole. Waliwapita wengine. Walipita kituo cha mapumziko, ambako bomba bado halikuwa na maji, wakaendelea mpaka Fiona Penhall akamaliza kusoma. Brodie alipunguza mwendo, akanyoosha shingo kutafuta daraja.

Daraja halikuwapo. Lami iliendelea mbele, kuukuu, ina mashimo. Redio, ambayo Brodie alishaiunga nyaya upya, ilikwaruza, sauti ileile ikaingia.

"Mheshimiwa Spika, nilikwenda Wilgadale. Mama mmoja, na mtoto wake mikononi, aliniangalia machoni akaniambia: naogopa. Mheshimiwa Spika, leo nataka kumwambia mama yule kwamba serikali hii imemsikia."

Bunge lilipiga makofi. Jacinta alisubiri sentensi inayofuata, na inayofuata haikuja. Makofi yaliendelea. Walipita majani makavu, wakapita mengine, na makofi hayakupungua wala hayakuchoka. Brodie alizima redio kwa mazoea, akarudisha mkono kwenye usukani.

"Chai imeisha," Bi Glenys alisema.

Jacinta aliweka mkono tumboni, akajaribu kukisia mtu mwenye uchungu angekivuka kipande kile kwa muda gani, akaacha kukisia. Alikuwa anaogopa, na sasa hakubakiwa na mtu wa kumwambia.

Nyuma yake Marnie alichangamka. Wiki ile ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kupiga makofi, na aliyasikia haya yakitoka kila upande, akafurahi, akaanza kupiga naye. Bi Glenys alimshika mikono yote miwili akaituliza mapajani. Alipoiachia, mtoto akaanza tena.